Kupaka Rangi Kuta za Ndani Mwenyewe: Mwongozo kwa Anayeanza

Rangi mpya haifichi kasoro za ukuta, huzianika. Ufa mwembamba uliokuwa umejificha chini ya rangi iliyochakaa utaonekana siku ile ile ukuta utakapong'aa, na vumbi lililoachwa chini litabanduka pamoja na rangi yenyewe. Kwa sababu hiyo nusu nzima ya mwongozo huu inahusu ukuta kabla haujaguswa na brashi. Ukishaujua ukuta wako vizuri, maswali mengine yote yanakuwa mepesi: praima gani (rangi ya chini inayoisaidia rangi ya juu kushika), rangi gani, mikono mingapi (yaani kupaka mara ngapi).

Kwa chumba kimoja cha kulala, tenga siku mbili au tatu. Anayepania kumaliza kwa siku moja huishia kuruka mambo yale yale yatakayomrudisha kazini baada ya miezi michache.

Hatua ya 1: Pima ukuta kabla ya kununua chochote

Vipimo vinne vinatosha, na vifaa vyake huenda tayari unavyo nyumbani.

Kwanza, kiganja. Pitisha kiganja kikavu ukutani, kisha kitazame. Kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, rangi ya zamani imechoka na haiwezi kubeba rangi nyingine juu yake. Unga ukiwa kidogo, osha ukuta kwa maji na sabuni kidogo, suuza, uache ukauke. Ukiwa mwingi, kwaruza kadiri uwezavyo, osha, halafu upake praima ya kushikiza kabla ya rangi.

Pili, wembe na selotepu. Chora mistari michache inayopishana kwa wembe, ikate rangi ya zamani tu. Bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kidole, kisha ivute kwa mkupuo mmoja. Ikiondoka na vipande vya rangi, ujue rangi hiyo haijashika. Rangi yako mpya itashika ile ya zamani, na zote mbili zitaanguka pamoja. Hapo hakuna njia ya mkato: kwaruza mpaka ufike mahali panapogoma kubanduka.

Tatu, spiriti. Lowesha pamba kwa spiriti, usugue sehemu ndogo isiyoonekana sana. Rangi ikilainika na kuchafua pamba, ni rangi ya maji. Pamba ikibaki safi, yaelekea ni rangi ya mafuta. Jambo hili wengi hulidharau, na ndilo chanzo cha kuta nyingi zinazobanduka kama ngozi baada ya muda mfupi. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haina pa kushika. Ni lazima kwanza uondoe mng'ao kwa msasa, kisha upake praima inayoshika juu ya rangi ya mafuta.

Nne, nailoni. Kata kipande cha nailoni isiyopitisha maji, kama sentimita 50 kwa 50, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha mwanya. Kiache kwa saa 24 hadi 48. Ukikuta matone upande unaotazama ukuta, au ukuta umebadilika kuwa wa giza, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, ni hewa ya chumba ndiyo yenye unyevu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ukuta wenye unyevu usiupake rangi. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: bomba linalovuja, paa, bafu lililo upande wa pili, au udongo uliorundikana nje hadi juu ya msingi. Hakuna rangi inayoponya mvujo, hata iwe ya bei gani. Rekebisha chanzo, acha ukuta ukauke kabisa, rudia kipimo cha nailoni, ndipo uendelee.

Ukuta ukiwa umetoa chumvi, ule ungaunga mweupe wenye vipande vinavyometa, usiuoshe kwa maji. Maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha inatoka tena ukuta ukikauka. Isugue kwa brashi kavu, ifagie, usubiri siku kadhaa uone kama inarudi. Ikirudi, bado kuna maji yanayosafiri ndani ya ukuta huo.

Fangasi, yale madoa meusi ya kwenye pembe na nyuma ya makabati, huuawa kwanza. Changanya klorini ya kufulia sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, subiri robo saa, sugua, suuza. Vaa glavu na ufungue madirisha. Kamwe usichanganye klorini na siki, na dawa ya choo yenye tindikali, wala na dawa yoyote yenye amonia, kwani hewa inayotoka humo ni sumu.

Na lipu mpya? Lipu ya saruji huhitaji takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Mbali na maji yaliyomo ndani yake, saruji mbichi ina alkali kali inayoharibu rangi, hasa ya mafuta, na kupausha baadhi ya rangi nyingine. Hata baada ya kusubiri, tumia praima inayohimili alkali.

Ikiwa nyumba ni ya zamani sana, jihadhari na madini ya risasi (lead). Zamani risasi ilitiwa kwenye rangi nyingi za nyumbani. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1978, na nchi nyingine kwa nyakati tofauti. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Ukiwa na shaka, usipige msasa mkavu kwenye rangi hiyo na usiichome kwa moto. Tafuta mtu mwenye ujuzi aipime, na watoto na wajawazito wakae mbali na chumba hicho.

Hatua ya 2: Hesabu ya rangi na uchaguzi wake

Pima mzingo wa chumba, zidisha kwa urefu wa kwenda juu, toa mlango na madirisha. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.8. Mzingo ni mita 14, na 14 mara 2.8 ni mita za mraba 39.2. Toa mlango (0.9 kwa 2.1) na dirisha (1.5 kwa 1.2), inabaki kama 35.5. Kwa mikono miwili ni 71. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwenye ukuta laini uliowahi kupakwa, hivyo utahitaji lita 7 na kidogo. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubakiza ya marekebisho. Ukuta mkavu unaokunywa sana, au wenye mikwaruzo mikubwa, unaweza kula rangi mara moja na nusu ya hiyo.

Nunua yote kwa mkupuo na uangalie namba ya toleo kwenye makopo. Rangi moja ya matoleo mawili inaweza kupishana kidogo, na jicho hulinasa hilo katikati ya ukuta. Nyumbani, mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa ukoroge pamoja.

Kuhusu mng'ao: rangi isiyong'aa huficha mabonde na viraka, ila huchafuka haraka na haipendi kusuguliwa. Inayong'aa kidogo huoshika, lakini huonyesha kila kovu la puti (kijazio cha kuzibia nyufa na mashimo). Kwa vyumba vya kulala na sebule, anayeanza achague isiyong'aa, kwani humsamehe mengi. Jikoni, bafuni na kwenye korido inayopitwa na watoto, inayong'aa kidogo ndiyo inayodumu.

Usichague rangi kwenye kikadi cha dukani peke yake. Nunua kopo dogo, paka kipande cha nusu mita kwenye kuta mbili zinazopokea mwanga tofauti, mikono miwili, ukitazame asubuhi, mchana na taa zikiwaka. Karibu kila rangi huonekana nzito zaidi ikijaa chumba kizima. Njano na nyekundu kali hazifuniki vizuri, hivyo jiandae kwa mikono mitatu au zaidi, au anza na praima ya kijivu.

Vifaa: skrepa (chuma cha kukwarulia), kisu cha puti, puti ya ukutani, msasa namba 80, 120 na 180, brashi ya inchi 2 hadi 2 na nusu, rola ya inchi 9 yenye mpini wa kurefusha, trei, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, vitambaa, ndoo, barakoa ya vumbi na miwani. Kwa ukuta laini, manyoya ya rola yawe ya milimita 9 hadi 12. Kwa ukuta wenye mikwaruzo, milimita 18. Kwa rangi ya maji chukua brashi ya nyuzi za plastiki, kwa sababu ile ya manyoya ya mnyama hunywa maji ikavimba na kulegea. Kama ni lazima ubane matumizi, bana kwenye trei na ndoo, usibane kwenye brashi. Brashi mbovu huacha nywele ukutani na hakuna mkono hodari unaoweza kuinyoosha.

Hatua ya 3: Andaa chumba

Toa unachoweza kutoa. Kilichobaki kisogeze katikati na ukifunike. Sakafuni tandika turubai au mashuka ya zamani, maana nailoni tupu huteleza, hasa chini ya ngazi. Zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu kabla ya kulegeza vifuniko vya swichi na soketi. Kuvitoa ni kazi ya dakika chache, na matokeo yake ni safi kuliko kuvizungushia tepu.

Hatua ya 4: Kwaruza, ziba, piga msasa

Kwaruza kila kinacholegea. Pembeni mwa eneo ulilokwaruza patabaki ngazi ndogo kati ya rangi ya zamani na lipu. Ipige msasa namba 80 au 120 mpaka kidole kikipita juu yake kisihisi mpaka.

Nyufa nyembamba usizipake puti juu juu. Ukifanya hivyo, puti hukaa kama utepe juu ya mwanya na ufa hurudi upesi. Tumia ncha ya skrepa kuupanua ufa uwe na umbo la V, ondoa vumbi kwa brashi kavu, lowesha kidogo kwa maji ili lipu isinyonye maji ya puti haraka, kisha sukuma puti ndani kwa kisu ukikikandamiza. Pitisha kisu mara moja kukata ufa, halafu mara moja kuufuata. Acha puti iinuke kidogo sana juu ya usawa wa ukuta, kwani hunywea ikikauka. Shimo lenye kina lizibwe kwa tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke kwanza, maana puti nene hukauka juu ikabaki mbichi ndani na kupasuka. Lakini ufa mpana unaoendelea kukua, au unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, si wa puti. Mwite mtaalamu wa majengo auone.

Puti ikikauka, piga msasa 120 kisha 180, kwa mzunguko mwepesi. Sasa subiri giza liingie, zima taa, washa tochi na uilaze karibu na ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Kila kibonde na kinundu kitatupa kivuli. Zungushia alama za penseli hafifu, ziba tena, piga msasa tena. Kuta nyingi huhitaji raundi mbili. Hii ndiyo saa yenye faida kuliko zote katika kazi nzima, na ndiyo wengi huiruka.

Maliza kwa kufuta vumbi kutoka juu kwenda chini kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Jikoni, ondoa mafuta kwa maji ya sabuni kabla hata ya msasa, la sivyo msasa utayasambaza.

Hatua ya 5: Praima

Ukuta ambao rangi yake ni nzima, ya maji, na unabaki na rangi inayokaribiana, unaweza kuruka hatua hii. Lipu mpya, viraka vya puti, rangi ya mafuta na mabadiliko ya kutoka rangi nzito kwenda nyeupe, vyote vinahitaji praima. Viraka vya puti visipopewa praima hunywa rangi kuliko ukuta unaovizunguka, na baadaye hubaki vinaonekana kama mabaka hata baada ya mikono miwili. Madoa ya maji, moshi wa sigara na kalamu za watoto hupenya rangi ya maji na kujitokeza tena, hivyo yazibe kwa praima ya mafuta iliyotengenezwa kuzuia madoa.

Hatua ya 6: Kingo kwa brashi

Kama unapaka na dari, anza na dari, kisha kuta, mwisho mbao za milango na za chini ya ukuta. Koroga rangi hadi chini ya kopo. Ongeza maji tu ikiwa kopo linaruhusu na kwa kiasi kilichoandikwa. Rangi iliyozidishwa maji hutiririka na haifuniki, ukajikuta unapaka mikono minne ya rangi hafifu.

Rola haifiki pembeni, kwa hiyo mzunguko wa dari, pembe, fremu na swichi hupakwa kwa brashi kwanza, upana wa sentimita 5 hadi 7. Mimina rangi kidogo kwenye chombo kidogo. Chovya brashi mpaka theluthi ya urefu wa nywele zake, igonge taratibu pande zote mbili za chombo kwa ndani, usiikwangue ukingoni kwa sababu utatoa rangi yote. Weka brashi ukutani sentimita moja au mbili chini ya dari, ivute, na nywele zikishafunguka na rangi kupungua, zisogeze juu polepole hadi mstari wa dari. Usianze kwenye mstari wenyewe brashi ikiwa imejaa, hapo ndipo inapomwaga. Vuta kwa mkono mzima kutoka begani, mwili ukisogea nao, na utazame pale brashi inapokwenda badala ya pale ilipo. Mkono utatetemeka mwanzoni. Anzia nyuma ya mlango, na ukifika ukuta unaoonekana sana utakuwa umeshazoea.

Ukitumia tepu, ikandamize ukingo wake kwa kucha au kisu cha puti, kwani rangi hupenya pale palipolegea.

Hatua ya 7: Rola

Rola mpya hutoa manyoya. Ioshe, ikauke, au izungushie tepu na kuibandua ili manyoya yaliyolegea yatoke. Ijaze rangi kwa kuisukuma kwenye mteremko wa trei mpaka izunguke sawasawa bila kudondosha.

Paka ukuta mmoja mzima bila kupumzika. Gawanya kwa vipande vya upana wa mita moja hivi. Chora W kubwa kuanzia chini kwenda juu, jaza nafasi zilizobaki bila kuinua rola, kisha malizia kwa mapito mepesi ya kutoka juu hadi chini, yote upande mmoja. Ingia kwenye kingo ulizopaka kwa brashi kabla hazijakauka. Siri ya ukuta usio na mistari ni hii: rangi mbichi ikutane na rangi mbichi. Ukiacha kipande kikauke kisha ukaanza kingine kando yake, makutano yatabaki yanaonekana. Ndiyo sababu ni vyema watu wawili wafanye kazi pamoja, mmoja na brashi, mwingine akimfuata na rola.

Rola ikianza kulia kwa ukavu, irudishe kwenye rangi. Kuikandamiza ili itoe rangi ya mwisho huacha mistari pembeni mwake. Na ukiona mahali pamepitwa wakati rangi imeshaanza kushika, paache. Kurudia kwenye rangi nusu kavu huivuta na kuiharibu. Mkono wa pili utapafunika.

Hatua ya 8: Mkono wa pili

Rangi nyingi za maji hukauka kuguswa ndani ya saa moja au mbili, na huwa tayari kwa mkono wa pili baada ya saa 4 hivi. Siku ya unyevunyevu au baridi, ongeza muda. Fuata kopo, kisha gusa mahali pasipoonekana uhakikishe. Kati ya mikono, pitisha msasa laini sana pale penye vinundu, futa vumbi, urudie kingo na rola kama mwanzo. Wakati wa mapumziko, funga brashi na rola kwenye nailoni bila hewa, hazitakauka.

Tepu ibandue wakati rangi ya mkono wa mwisho bado haijakauka kabisa, ukiivuta polepole kwa pembe ya nyuzi 45. Ikiwa imekauka, kata kwanza ukingo kwa wembe, la sivyo itang'oa rangi.

Ikitokea hitilafu

Rangi ikitiririka na bado ni mbichi, itandaze kwa brashi. Ikiwa imekauka, subiri siku nzima, piga msasa, paka tena. Malengelenge yakitokea, pasua moja utazame: ukiona lipu chini yake, shuku unyevu na urudi kwenye kipimo cha nailoni. Ukiona rangi ya zamani, hapo palikuwa na vumbi, mafuta au mng'ao ambao haukupigwa msasa.

Baada ya kazi

Kwangua rangi iliyobaki kwenye rola irudi ndooni kabla ya kuiosha. Osha vifaa vya rangi ya maji kwa maji na sabuni papo hapo. Mabaki ya rangi usiyamwage mtaroni wala chooni: yaache yakauke kwenye kopo wazi au yachanganye na mchanga, kisha uyatupe kwa kufuata taratibu za taka za eneo lako. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta vitandaze vikauke nje, usivirundike, kwa kuwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Rangi nzima iliyobaki ifunge kwenye chombo kidogo kilichojaa, andika nje jina la rangi, namba yake, chumba na tarehe. Chumba unaweza kulala siku inayofuata harufu ikiisha, madirisha yakiwa wazi, lakini rangi huendelea kukomaa kwa wiki mbili hadi nne. Katika muda huo usiegemeze makabati ukutani wala kuosha madoa. Doa likitokea, lifute kwa kitambaa laini chenye maji tu.